Foleni Kwenye Kamba: Wiki ya Dhoruba na Jua Chamonix

Kwanza niseme nilikuwa nani katika safari hii, maana picha nilizowatumia ndugu zimewapa dhana isiyo yangu. Mimi hushuka kwa skii kwenye njia zilizosawazishwa na mashine: za buluu, nyekundu, na nyeusi siku nikiamka na moyo. Mwenzangu ndiye anayeshuka miteremko mikali, yale makorongo ya nyuzi 45 hadi 55 ambako ukianguka husimami mpaka mlima ukusimamishe wenyewe. Kwa miaka mingi nimemgombeza kwa simu. Mwezi Machi akanijibu kwa kuninunulia nusu ya tiketi ya ndege: njoo uone, halafu ugombe ukiwa unajua. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumamosi: Geneva hadi Chamonix

Ndege inatua Geneva, Uswisi, lakini bonde la Chamonix liko Ufaransa, mwendo wa kilomita 90 hivi. Basi huchukua saa moja na kitu. Letu lilichukua karibu saa tatu. Jumamosi za majira ya baridi ndiyo siku ya kubadilishana nyumba za kupanga: walio likizo wanatoka, wengine wanaingia, na barabara kuu ya bondeni inajaa magari yenye masanduku ya skii juu ya paa. Kuanzia Cluses tulikuwa tunasogea kwa hatua. Mama mmoja wa kiti cha mbele alifungua mfuko wa chenza, akala moja, akageuka akatutazama, kisha akaupitisha mfuko mzima nyuma. Ulirudi mtupu, naye akacheka.

Kwa watakaofuata: visa ya Schengen ombeni kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, yaani Ufaransa, hata kama mtaingilia Geneva. Basi likilipiwa mapema kwenye mtandao halikufika euro 30. Msihangaike kubadilisha fedha kuwa faranga za Uswisi kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai ya uwanjani, kadi inatosha. Na mkiweza, msifike Jumamosi.

Hosteli ilikuwa euro 40 na ushee kwa kitanda, chumba cha watu wengi, viatu vyote vikianikwa kwenye korido na harufu yake. Dada wa mapokezi alitupa kadi ya mgeni bila kuombwa. Iulizeni popote mtakapolala: ukiwa nayo unapanda mabasi na treni ya bondeni bure, kutoka Servoz mpaka Vallorcine.

Jumapili: theluji

Tuliamka hatuoni mlima wowote. Theluji ilikuwa inaanguka kimya na kwa wingi, na gari la kebo la kwenda Aiguille du Midi, kilele kilicho juu ya mji, lilikuwa limefungwa. Mwenzangu alinipeleka Maison de la Montagne, jengo lililo ubavuni mwa kanisa la Saint-Michel. Waongozaji wa Chamonix wana ofisi humo. Chama chao kiliundwa 1821, mwaka mmoja baada ya maporomoko ya theluji kuua waongozaji watatu waliokuwa wakipanda Mont Blanc. Ghorofani iko ofisi ya La Chamoniarde, jumuiya ya kinga na uokoaji mlimani. Kuna ramani, vitabu vya njia, na daftari ambalo watu wanaotoka milimani huandika walichokikuta: ufa umefunguka wapi, theluji ngumu imeanzia wapi, kamba ya mita ngapi ilitosha. Kuingia ni bure, na anayekuhudumia anaijua milima hiyo. Hakuambii nenda wala usiende. Anakuuliza maswali mpaka ujijibu.

Hapo ndipo nilipofundishwa kusoma taarifa ya maporomoko ya theluji. Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, huitoa kila siku saa kumi jioni, kwa ngazi 1 mpaka 5. Siku ile ilikuwa 4. Jambo lililonishangaza ni kwamba si ngazi ya 4 wala ya 5 inayoua zaidi, kwa sababu siku hizo watu hubaki ndani. Vifo vingi hutokea ngazi ya 3: hatari ni kubwa, lakini anga limetakata na kila mtu anataka kutoka. Na miteremko inayomwaga bamba zima la theluji kwa kawaida ni ile ya nyuzi 30 hadi 45. Ile mikali zaidi hujipukuta yenyewe, theluji ikichirizika kidogo kidogo kama mchanga, ila mchirizi huo huo unatosha kumng'oa mtu aliyesimama kwa makali ya chuma ya skii peke yake.

Wafaransa wana kipimo cha miteremko hii. Namba ya kwanza ni ugumu, na ngazi ya 5 imeachwa bila kikomo, 5.1, 5.2 na kuendelea, kwa sababu watu huzidi kushuka miteremko migumu zaidi. Namba ya pili ni athari ya kuanguka, E1 mpaka E4. E4 maana yake chini yako kuna magenge marefu. Nilimuuliza mwenzangu kama kuna namba ya tatu, ya watu. Akasema hakuna. Kipimo kinadhani uko peke yako.

Jumatatu: makaburi

Mvua bondeni, theluji juu. Tulikula, tukalala, tukala tena. Jioni tulitembea mpaka makaburi ya Biollay, nyuma ya stesheni ya treni, kwa sababu mwenzangu alitaka nione kaburi la Edward Whymper. Mwingereza huyu ndiye aliyefika wa kwanza kilele cha Aiguille Verte, mita 4,122, mwaka 1865, akiwa na waongozaji wake wawili. Korongo alilopandia lina jina lake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, 1968, Sylvain Saudan wa Uswisi alilishuka kwa skii. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshuka korongo la Spencer kwenye Aiguille de Blaitière, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa mchezo huu. Saudan alifariki 2024 akiwa na miaka 87. Alijaliwa. Hapo hapo makaburini, nikitembea kati ya mistari, nilikuwa natoa miaka: kufa toa kuzaliwa. 24. 31. 27. Mwenzangu akaniambia twende, baridi imezidi.

Siku za Saudan picha ilichukua wiki kadhaa kufika gazetini. Aliyeshuka korongo Jumatatu angelikuta halina alama za skii za wengine Jumatatu ya mwezi uliofuata. Hilo nitalirudia.

Jumanne: jua bila kebo

Mbingu zilifunguka asubuhi na milima yote ikaonekana kwa mara moja, karibu mno, kana kwamba imesogea usiku. Lakini juu kulikuwa na upepo, kebo haikuondoka, na watu zaidi ya mia walisimama nje ya kituo cha Midi na skii mabegani wakitazama ubao wa matangazo. Nyuso zao zilikuwa za watu waliodhulumiwa.

Mzee mmoja aliyekuwa akisafisha meza za kahawa jirani alituona tunarudi, akatuita tukae. Alisema zamani umati huu uligawanyika: nusu hapa, nusu kijiji cha Argentière, kwenye kebo ya Grands Montets iliyofika karibu mita 3,300. Kutoka pale juu ulikuwa na barafuto, yaani mto wa barafu, la Argentière chini yako na sura za kaskazini za Les Courtes na Verte mbele yako. Septemba 2018 moto uliteketeza kituo cha katikati, Lognan, na kebo ya juu ikasimama. Miteremko ile ipo bado, ila kuifikia kunadai saa nyingi za kupanda kwa miguu. Kwa hiyo mwenye siku moja na haraka anakuja Midi. Mzee hakutaka pesa ya kahawa ya pili.

Jioni taarifa ya theluji ilishuka hadi 3. Hosteli nzima ilikuwa imeinama kwenye simu. Mtu mmoja alikuwa ametuma picha ya korongo la Cosmiques, linalofikiwa kwa kebo ya Midi, likiwa limejaa theluji mpya, na kufikia chakula cha usiku picha hiyo ilikuwa kwenye kila simu mezani. Mwenzangu alinieleza utafiti wa Mmarekani Ian McCammon, aliyechambua ajali 715 za maporomoko nchini kwao. Wengi walionaswa dalili walikuwa nazo. Kilichowapofusha kilikuwa kingine: mteremko wanaoujua, alama za waliotangulia, kundi jingine karibu, na hofu kwamba theluji ya leo kesho haitakuwepo. Nilimtazama. Akasema, "Najua, dada. Yote manne yako kwenye hii meza."

Chakula cha usiku huo nakikumbuka. Niliomba tartiflette, viazi vilivyookwa na jibini la reblochon, nikauliza kama wanaweza kuipika bila nyama ya nguruwe. Mpishi alitoka jikoni mwenyewe, akasema inapikwa katika chungu kimoja tangu asubuhi, kisha akanitengenezea yangu kwenye bakuli dogo, na uyoga juu. Bei ile ile. Waislamu wenzangu, ulizeni tu bila kuona haya; vipande vya nguruwe huwekwa karibu kila chakula cha huku na wala havitajwi kwenye orodha.

Jumatano: kebo ya kwanza

Kebo ya kwanza ilikuwa iondoke saa mbili na kitu asubuhi. Sisi tulifika saa kumi na mbili na nusu, giza bado, tukakuta foleni imeshakunja kona. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa zaidi ya euro 70. Ya kwenda tu ilikuwa nafuu kidogo. Wekeni nafasi mtandaoni usiku wa kuamkia.

Mpango ulikuwa huu. Mimi na wageni wengine watatu tungeshuka Vallée Blanche na mwongozaji, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu, kwa euro mia na kitu kila mmoja. Hiyo si njia kali. Ni kilomita karibu 20 za barafuto, na hatari yake ni nyufa. Mwenzangu na mshirika wake Mfaransa wangeshuka korongo la Cosmiques. Mwanzo wa njia ni mmoja, kwa hiyo tuliondoka pamoja.

Kebo ilitufikisha juu ya mita 3,700 kwa dakika kama 20. Ndani tulibanwa mpaka mtu asiye na mkono wa kujishika hakuweza kuanguka. Unatoka kwenye handaki la barafu na kukuta ukingo mwembamba wa theluji: kushoto bonde la Chamonix, mita 2,700 chini, kulia weupe mtupu. Skii ziko mgongoni, kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, miguuni, na mwongozaji amekufunga kamba. Pembeni kuna kamba nene ya kushikia. Hapo ndipo nilipoona mbio kwa mara ya kwanza. Vijana waliokuwa nyuma yetu kwenye kebo walitupita ukingoni, nje ya kamba, upande wa bonde, ili wawahi kuvaa skii.

Tuliteleza hadi Col du Midi. Mwongozaji alikubali tusimame karibu na nyumba ya wapandaji ya Cosmiques, mita 3,613, tuwaage wenzetu. Korongo linaanzia jirani, na mwanzo wake hauna theluji ya kuteleza: unashuka kwa kamba kwanza, kutoka kwenye nanga iliyofungwa mwambani, ndipo unavaa skii ukiwa umening'inia. Ilikuwa kama saa tatu na nusu. Nilihesabu vichwa 19 vikisubiri kamba.

Tafadhali fikirieni hesabu ile, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Kila kundi huchukua dakika kumi, wengine robo saa, kushuka kamba, kuivuta na kuvaa skii mahali ambapo kiatu kikiteleza umeondoka. Vichwa 19 ni makundi saba hivi. Hiyo ni zaidi ya saa moja ya kusimama kwenye baridi kabla zamu yako haijafika. Korongo limeelekea magharibi, na asubuhi limo kivulini, theluji imeshikana. Mchana jua linaingia, mawe yaliyogandishwa ukutani yanalegea, theluji inalowa. Kwa hiyo foleni si adha ya kusubiri tu. Kila mtu aliye mbele yako anakusogeza karibu na jua. Mteremko uliouchagua kwa saa tatu asubuhi sio utakaoushuka saa sita.

Kisha kuna yaliyo juu yako. Kanuni ya miteremko hii ni mmoja kwa mmoja: anashuka mmoja hadi mahali pa kujificha pembeni, anatoa ishara, ndipo wa pili anakuja. Ndani ya kundi moja inafanya kazi. Makundi saba yasiyojuana, yenye lugha nne na redio za masafa tofauti, hayana "mmoja". Ukiwa katikati ya korongo lenye upana wa sebule, huna pa kumkwepa anayeshuka juu yako, na mchirizi wa theluji anaoumwaga kwa kila kona aliyoikata unakuja kwako.

Tulikuwa tumesimama hapo nikiyafikiri haya wakati mtu mmoja kwenye foleni alipojaribu kuvaa skii kabla ya wakati. Moja ilimponyoka. Haikuenda mbali mwanzoni, iliteleza polepole juu ya bega la theluji kama inayofikiria, kisha ikatumbukia korongoni. Watu wote wakapiga kelele kwa lugha zao. Kulikuwa na watu wawili ndani wakati huo. Skii ni kilo moja na nusu au zaidi ya mbao, chuma na makali. Tulisubiri. Baada ya muda sauti ikapanda kutoka chini: imepita, wako salama.

Mwenye skii alikaa kitako akashika kichwa. Wengine wakasogea mbele ya nafasi yake.

Mwenzangu na mshirika wake waliongea kwa Kifaransa, kwa dakika isiyozidi moja. Halafu akaja kwetu akianza kufungua kamba kiunoni. "Dada, leo hapa pana wenyewe," akasema. Nilimuuliza kama theluji ilikuwa mbaya. Akasema theluji ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia. Mwongozaji wetu, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyemalizia: "Theluji nimeisoma tangu jana. Hawa sijawasoma."

Tunasema penye wengi hapaharibiki neno. Kwenye kikao, sawa. Kwenye korongo la nyuzi 50 wengi hao wanakupa utulivu usio na msingi: kama wote wanashuka, basi lazima pawe salama. Kumbe kila mmoja wao amejituliza kwa kukuona wewe.

Wawili wale walitufuata Vallée Blanche. Huko nako watu walikuwa wengi, lakini kuna nafasi. Mwongozaji alitupanga kwa umbali, akatukataza kusimama juu ya madaraja ya theluji yanayoziba nyufa. Daraja lililovusha watu 50 halina deni na wa 51. Chini ya maporomoko ya barafu ya Géant kuna uwanda unaoitwa Salle à Manger, chumba cha kulia, na kweli watu walikuwa wamekaa wanakula. Sisi tulipita mbele kidogo kwanza, mbali na minara ya barafu, ndipo tukatoa mikate, jibini na mayai ya kuchemsha. Mshirika wa mwenzangu alikuwa na chupa ya supu, akatunywesha wote kwa kifuniko.

Mwisho wa njia ni barafuto la Mer de Glace. Kwenye ukuta wa mwamba wamebandika vibao vya miaka kuonyesha barafu ilikuwa wapi. Unapanda na kupanda kati ya miaka ya utoto wako. Foleni ya treni ya Montenvers ilikuwa ndefu kuliko ya korongo, ila hapo hakuna aliyetudondoshea kitu kichwani.

Alhamisi: mteremko nisioutaja

Saa kumi alfajiri wawili wale waliondoka kwa taa za kichwani kwenda mteremko mwingine, ng'ambo ya bonde. Mwenzangu ameniomba nisiutaje na nimekubali kwa shingo upande. Nadhani kuficha majina ni uchoyo, na pia ni busara, na sijaweza kuvitenganisha. Picha moja ya Jumanne jioni ilijaza Cosmiques Jumatano asubuhi; hilo nililiona. Lakini mteremko usiojulikana na mtu ni mteremko ambao hakuna atakayekuona ukianguka. Walichofanya ni kuniachia karatasi: njia, saa ya mwisho ya kugeuka, saa ya mimi kupiga 112.

Namna yao siku hiyo ilikuwa ya kale. Walipanda kwa miguu pale pale watakaposhukia, kwa kramponi na mashoka ya barafu, saa tano nzima. Ukipanda unaijua theluji kwa mikono: wapi ngumu, wapi tupu ndani, wapi jiwe limejificha. Makorongo yanayofikika kwa kebo yamewanyima watu elimu hiyo, kwa sababu ukianza kupanda kutoka chini asubuhi, waliotoka kwenye kebo watakushukia kichwani. Umati umeua njia salama zaidi ya kufanya jambo lisilo salama.

Mimi nilipanda treni ya bure, nikakaa kwenye jua stesheni na kitabu ambacho sikukisoma. Saa saba na robo wakatokea, nyuso nyekundu. Hapakuwa na mtu mwingine mteremkoni. Chapati za maji za kizungu, zile wanazoita crêpe, tulikula mpaka muuzaji akatuongezea moja bure.

Ijumaa: kufulia nguo

Helikopta ilikuwa angani tangu asubuhi. Kwenye duka la mashine za kufulia nilikaa na bwana mmoja aliyestaafu uokoaji. Hakutaka nimwandike zaidi ya hapo. Alikuwa akiutambua mwelekeo wa helikopta kwa sauti bila kuinua kichwa. Nilimwuliza kuhusu umati, nikitarajia alaani. Hakulaani. Alisema mtu aliyefukiwa na theluji, akitolewa ndani ya dakika kumi hivi, ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikipita nusu saa matumaini yamebaki machache. Helikopta haiwahi dakika kumi. Wanaowahi ni waliopo. Kwa hiyo watu wengi ni mabeleshi mengi.

Halafu akaongeza masharti. Kila mmoja awe na kifaa cha kutafutia, ambacho hutuma mawimbi ya redio au huyapokea ukikibadili, fimbo ndefu ya kudungia theluji na beleshi, na ajue kuvitumia. Watu 20 wakikimbilia eneo huku vifaa vyao bado vinatuma mawimbi, hakuna atakayempata aliye chini. Wote wabadili kwenda kutafuta. Na kabla ya kukimbia, tazama juu: wangapi bado wamesimama kwenye mteremko ulioanza kumomonyoka? Alimtaja Doug Coombs, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa miteremko mikali, aliyekufa La Grave, hapa hapa Ufaransa, Aprili 2006. Mwenzake alikuwa ameanguka. Coombs alisogea ukingoni kumsaidia, naye akaenda.

Mambo ya gharama, kwa kuwa mtauliza. Kikosi cha jandamari (polisi wa kijeshi) wa milima cha Chamonix, PGHM, kiliundwa 1958, na uokoaji wake nje ya njia rasmi kwa kawaida haulipiwi. Ukivunjika mguu kwenye njia rasmi za kituo cha skii, utatumiwa bili. Bima ya siku inayouzwa pamoja na tiketi ni euro chache, chukueni. Ukivuka mpaka kuingia Uswisi au Italia sheria ni nyingine, na mpaka uko juu ya vilele vyenyewe. Hospitali nayo ni hesabu tofauti na helikopta.

Bwana yule alinikunjia shuka zangu. Alikunja vizuri kuliko mimi.

Jumamosi: kurudi

Basi la saa tatu lilichelewa nusu saa na foleni ya Cluses ilikuwa pale pale tulipoiacha. Tulipata muda wa kubishana vizuri.

Hoja yangu ilikuwa hii. Kwenye njia ya kawaida ya kupanda Mont Blanc kupitia Goûter, tangu 2019 huruhusiwi kulala juu bila kuweka nafasi, na kukiuka kunaweza kukufikisha mahakamani. Kwa nini korongo lenye kamba moja lisiwe na utaratibu kama huo, angalau asubuhi ya kwanza baada ya dhoruba? Hata ubao tu kwenye kituo cha kebo: makundi mangapi yamesema yanakwenda wapi.

Mwenzangu alisema Goûter kuna vitanda, na vitanda vinahesabika. Korongo halina mlango. Ukiandika makundi matano, la sita litatoka kwenye nyumba ya wapandaji ambako lililala, na la saba litasema linakwenda Vallée Blanche. Na anayeambiwa ana nafasi saa nne atakwenda saa nne hata kama theluji imekataa, kwa sababu ameshalipia.

Hiyo ya mwisho sikuwa na jibu lake. Nikamwambia basi ubao, bila nafasi, bila malipo.

"Ubao nitausoma," akasema. "Nikiona Cosmiques ina makundi saba nitakwenda kwingine. Na wote wenye akili watakwenda huko huko."

Dereva akatangaza forodha. Tukatoa pasipoti.